Maktaba ya Shule ya Msingi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wazazi, Walezi na Wanafunzi

Maswali haya tunayasikia mlangoni mwa maktaba, kwenye mikutano ya wazazi, na hata sokoni hapa Busia, mwalimu anaposimamishwa na mama aliyeshika kitabu kilichomwagikiwa chai. Tumeyajibu kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha inayotukutanisha sisi wa mpakani mwa Uganda na Kenya: Wasamia, Waiteso, Wasoga, Waganda na familia zilizotoka Kongo. Idadi za vitabu na siku ni za shule yetu. Shule nyingine za Uganda zina taratibu zao. Namna ya kukitunza kitabu ni ile ile popote.

## Mambo ya mwanzo

Nani anaruhusiwa kuazima vitabu?

Kila mwanafunzi, kuanzia darasa la kwanza hadi la saba. Hatusubiri mtoto ajue kusoma ndipo tumpe kitabu. Wa darasa la kwanza anaazima cha picha, anakwenda kukifungua na bibi yake au dada yake, na huko ndiko kusoma kunakoanzia.

Kuna malipo?

Hakuna. Kuazima ni bure, na kadi ya msomaji ni bure. Mtu yeyote akimdai mtoto wako pesa ili apewe kitabu cha hadithi, njoo umwambie mwalimu mkuu.

Maktaba hufunguliwa saa ngapi?

Siku za masomo, wakati wa mapumziko ya saa nne asubuhi, baada ya chakula cha mchana, na jioni kuanzia saa kumi hadi saa kumi na moja. Kila darasa pia lina kipindi chake cha maktaba mara moja kwa wiki. Mtoto anayekaa mbali na anayekimbilia boda ya jioni akitumie kipindi hicho.

Anaweza kuchukua vitabu vingapi, na kwa muda gani?

Darasa la kwanza hadi la tatu: kitabu kimoja kwa siku saba. Darasa la nne hadi la saba: vitabu viwili kwa siku kumi na nne. Tarehe ya kurudisha hugongwa muhuri kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya jalada la nyuma. Asiyemaliza kusoma akilete kitabu, tutamwongezea muda, isipokuwa kama mwenzake anakisubiri.

Tunaomba kitabu kiletwe hata kama kinaongezewa muda tu. Tunataka kukiona kwa macho.

Ni vitabu gani havitoki maktabani?

Kamusi, atlasi, ramani, na mafaili ya mitihani iliyopita. Hivi husomwa mezani. Sababu ni kwamba kamusi moja inahudumia watoto wengi kwa siku moja. Akiondoka nayo mmoja, darasa zima limekosa.

Kitabu cha kiada nacho ni cha maktaba?

Hapana. Vitabu vya kiada vinavyoletwa na serikali vimo katika daftari jingine, na mwalimu wa darasa ndiye anayevigawa na kuvikusanya. Navyo si vya kuuzwa. Kama hujui kitabu alichonacho mtoto ni cha upande gani, tazama ndani ya jalada: cha maktaba kina muhuri wetu, namba ya usajili na karatasi ya tarehe.

## Kuchagua kitabu

Mwanangu yuko darasa la nne lakini analeta vitabu vya watoto wadogo. Mbona mnamruhusu?

Tunamruhusu kwa makusudi. Kwa mtaala uliokuja mwaka 2007, mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu hufundishwa kwa lugha ya eneo lake, na darasa la nne ndilo daraja la kuvukia kwenye Kiingereza. Mwaka huo una mzigo mzito. Mtoto aliyekuwa akisoma Kisamia vizuri kabisa anajikuta mbele ya ukurasa wa Kiingereza uliojaa maneno asiyoyajua, na ukimpa kitabu kigumu hapo atakibeba, atakirudisha, na hatakifungua.

Kitabu rahisi anachokimaliza kina faida kuliko kigumu anachokiogopa. Tunamfundisha njia ya kujipima mwenyewe: afungue ukurasa wowote, asome, na kila neno asilolijua akunje kidole kimoja. Vikikunjwa vitano kabla ukurasa haujaisha, akirudishe rafuni achukue kingine. Mzazi, tafadhali usimcheke mtoto kwa kitabu alichochagua. Wapo walioacha kabisa kuja maktabani kwa neno moja la namna hiyo walilolisikia nyumbani.

Mna vitabu vya Kiswahili na vya lugha za nyumbani?

Vipo, na tunatamani vingekuwa vingi zaidi. Kiswahili kiliwekwa katika Katiba kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Kwa hiyo mtoto anayesoma hadithi za Kiswahili hapotezi muda wa masomo.

Pale rafu inapopungukiwa tunatumia African Storybook, hazina ya hadithi za watoto zilizo huru kusomwa, kuchapwa na kutafsiriwa bila malipo, katika Kiswahili, Luganda na lugha nyingine nyingi za Afrika. Tunazichapa, tunazishona kwa uzi na kuzipa jalada gumu. Mzazi mwenye simu ya intaneti anaweza kuzisoma hata akiwa nyumbani.

Namba zilizo mgongoni mwa kitabu zina maana gani?

Ni anwani ya kitabu rafuni. Tunafuata mpango wa Dewey uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1876, unaogawa maarifa katika mafungu kumi. Sayansi huanzia 500, kilimo ni 630, hadithi za mapokeo ni 398, na historia ya Uganda ni 967.61. Kwa madarasa ya chini tunabandika rangi badala ya namba.

Mtoto asiyekumbuka mahali alipokitoa kitabu asikirudishe rafuni kwa kubahatisha. Akiweke mezani. Kitabu kilichowekwa rafu isiyo yake ni sawa na kilichopotea, kwa sababu daftari linasema kipo lakini hakuna anayeweza kukipata.

Mwanangu ni mtahiniwa wa PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Je, hadithi hazimpotezei muda?

Hapana. Mtihani una masomo manne: Kiingereza, Hisabati, Sayansi, na Maarifa ya Jamii pamoja na elimu ya dini, na yote manne humtaka mtoto asome swali, alielewe, ndipo ajibu. Karatasi ya Kiingereza ina vifungu vya ufahamu na utungaji. Hata hesabu, nyingi hutolewa kwa maneno. Mtoto anayesoma hadithi tangu darasa la tatu hufika Novemba ya darasa la saba akiwa hana hofu ya kifungu kirefu. Anayekariri majibu ya mitihani iliyopita peke yake akikutana na swali lililogeuzwa kidogo, anakwama.

Mimi mzazi sikusoma. Nitamsaidiaje?

Mwambie akusimulie. Kila jioni muulize: leo umesoma nini, nani alifanya nini, na unadhani kesho itakuwaje? Kwa lugha yoyote mnayoongea nyumbani. Mtoto anayejua kuwa mama atauliza husoma kwa makini zaidi, na kusimulia kwenyewe humfundisha kupanga mawazo. Wazazi wengi hutuuliza swali hili kwa aibu, na hatuoni la kuonea aibu. Anayemuuliza mtoto wake hadithi imeishia wapi anafanya kazi ya mwalimu.

## Kitabu kikiwa nyumbani

Nikifunike kitabu kwa kitu gani?

Kwa gazeti la zamani, karatasi ya kaki, au kalenda ya mwaka uliopita, ambayo ni ngumu na hudumu. Kunja karatasi iingie ndani ya jalada kama mfuko. Usiigandishe kwa gundi kwenye kitabu chenyewe. Njiani kitabu kikae ndani ya mfuko wa plastiki, hasa miezi ya Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, mvua inapokuja bila kupiga hodi.

Nyumbani kwetu ni chumba kimoja, hakuna kabati. Kitabu kikae wapi?

Juu, pakavu, mbali na jiko na mbali na jerikeni la maji. Mfuko uliotundikwa msumarini unatosha. Usikiweke sakafuni wala kukiegemeza kwenye ukuta wa udongo, maana mchwa hupanda kutoka ardhini na wanaweza kula kurasa za ndani huku jalada likionekana zima. Panya na mende nao hufuata chakula, kwa hiyo mikono yenye posho na mafuta ya chapati ioshwe kwanza.

Kama kweli hakuna mahali salama, mtoto atuambie. Tutamwekea kitabu chake maktabani kikiwa na alama aliyoishia, awe anakisomea hapa jioni. Mpango huu haumpunguzii haki yoyote.

Hakuna umeme. Asome kwa taa ya mafuta?

Asome kabla jua halijazama, au kwa taa ya sola kama ipo. Koroboi hutoa moshi unaoumiza macho na kifua, huacha masizi kwenye kurasa, na ikipinduka ni moto. Heri kitabu kichelewe siku mbili kuliko mtoto alale kando ya koroboi na kitabu kifuani.

Ndugu zake wanaweza kukisoma pia?

Wakisome wote, na jirani naye. Sharti ni moja: kitabu kisitoke nyumbani bila aliyekiazima kujua. Mtoto wa shule nyingine akikitaka, aje na mzazi tuzungumze.

Anaruhusiwa kuandika ndani au kukunja pembe ya ukurasa?

Haruhusiwi. Aweke kipande cha karatasi kama alama, na majibu ya mazoezi ayaandike kwenye daftari lake.

Naweza kukitoa nakala kwenye duka la fotokopi?

Kurasa chache za kujisomea, ndiyo. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inatoa nafasi kwa matumizi ya haki, kama kujisomea na kufundishia. Kunakili kitabu kizima ili kisinunuliwe, au kuuza nakala, ni kumnyang'anya mwandishi na mchapishaji riziki yao. Hadithi za African Storybook tulizozitaja juu hazina tatizo hilo.

## Kuchelewa, kuharibika na kupotea

Kuna faini ya kuchelewa?

Hatutozi faini. Mtoto hana pesa, na faini humfundisha kukimbia maktaba. Akichelewa, hatapewa kitabu kingine mpaka arudishe alichonacho, basi. Baada ya wiki tatu tunampa barua ya mzazi, na baada ya hapo tunapiga simu.

Kitabu kimelowa. Nifanyeje?

Chukua hatua siku hiyo hiyo, kwa sababu ukungu huanza kuota ndani ya siku mbili hivi. Usikianike juani: jua kali hupindisha jalada na kufubaza picha. Usikibane kwa mawe kikiwa bado kinadondosha maji.

Kikaushe kwa kitambaa bila kusugua. Kisha kisimamishe wima kivulini penye upepo, kurasa zikiwa zimeachana kidogo. Pachika karatasi kavu zisizo na wino kila baada ya kurasa kadhaa, uzibadilishe zikilowa. Kurasa zinazong'aa, zile za picha za rangi, zitenganishe taratibu zikiwa bado mbichi. Zikikaukiana hazitaachana tena. Kikishakuwa kikavu kabisa ndipo ukiweke chini ya kitu kizito usiku mmoja kinyooke.

Halafu kilete, hata kama kimepinda. Kitabu kilichopinda kinasomeka.

Ukurasa umechanika. Niubandike kwa selotepu?

Tafadhali usifanye hivyo. Selotepu hugeuka njano, gundi yake huingia kwenye karatasi, na baada ya muda plastiki hubanduka na kuacha doa lisilotoka. Weka kipande kilichochanika ndani ya kitabu, ukilete. Tunaunga kwa karatasi nyembamba na gundi nyeupe ya maji, iliyopakwa kidogo sana. Viranja wa maktaba wa darasa la sita wamefundishwa kazi hii na wanaifanya kwa mikono mizuri kutushinda walimu.

Mtoto wangu mdogo amekiharibu, si yule aliyeazima. Nani atawajibika?

Familia. Lakini tunachotaka kwanza ni ukweli. Mtoto akija akasema "mdogo wangu amechana kurasa mbili", tunamshukuru mbele ya wenzake, tunaandika daftarini, tunatengeneza kitabu, na siku hiyo hiyo anaazima kingine. Akificha, tutagundua kitabu kikiwa kimeharibika zaidi, na mtoto atakuwa ameishi na hofu muda wote huo.

Ndiyo maana tunawaomba wazazi wasimchape mtoto kwa sababu ya kitabu chetu. Fimbo haijawahi kuturudishia ukurasa. Huturudishia watoto wanaoacha vitabu dirishani usiku na kukana kwamba waliviazima.

Kimepotea kabisa. Tulipe nini?

Tafuteni kwanza kwa wiki mbili: chini ya kitanda, kwa jirani, kwenye mfuko wa mwaka jana, darasani. Vingi hupatikana. Kisipopatikana, njoo tuzungumze kabla muhula haujaisha. Unaweza kuleta kitabu hicho hicho, au kingine cha kiwango hicho ambacho tumekubaliana. Anayeshindwa kwa mara moja alipe kidogo kidogo kwa mihula miwili. Familia isiyoweza kabisa imweleze mwalimu mkuu. Suala hilo haliwi gumzo la darasa.

Hatushikilii ripoti ya mtoto kwa ajili ya kitabu, wala hatumpi kazi za adhabu.

Mbona msivifungie kabatini, kuliko kuhangaika hivi?

Swali hili huulizwa na wazazi wema, na hata na walimu wenzetu wanaoogopa siku ya ukaguzi. Vitabu vilivyopangwa vizuri nyuma ya kioo hupendeza. Lakini mtoto hajifunzi kusoma kwa kukitazama kitabu.

Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na ukiacha vipindi ambavyo baadhi ya madarasa yaliruhusiwa kurudi, zilifunguliwa kwa wote tarehe 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili. Mtoto aliyekuwa na kitabu mkononi siku ile ya kufunga alikuwa na cha kusoma, hata kama ni kile kile mara nyingi. Ambaye vitabu vyake vilibaki chini ya kufuli hakuwa nacho, na kufuli halizuii mchwa.

Kwa hiyo tunategemea kwamba kila mwaka vitabu kadhaa vitachakaa na vichache vitapotea, na tunavipangia katika bajeti ya maktaba. Kitabu kilicholegea mshono kwa kupita mikono mingi tunakishona na kukirudisha kazini. Tukikuta kitabu kina miaka mitano na karatasi yake ya tarehe haina muhuri hata mmoja, hicho ndicho kinachotuumiza, na tunakaa kutafuta sababu: ni kigumu, kiko rafu ya juu mno, au hatujawahi kuwasomea watoto ukurasa wake wa kwanza.

## Likizo, kuhama na mambo ya nadra

Anaweza kukaa na kitabu wakati wa likizo?

Ndiyo, kimoja, kwa saini ya mzazi. Likizo ndefu ya Desemba na Januari tunatoa viwili. Waliobaki mjini wanaweza pia kuuliza kama kuna maktaba ya umma au ya jamii karibu. Ile ya Kitengesa, karibu na Masaka, ilianza mwaka 1999 na inahudumia wanafunzi pamoja na wanakijiji. Tunawatajia wazazi ili wajue jambo hili linawezekana kijijini.

Tunahama, na pengine tunavuka mpaka kwenda upande wa Kenya. Vitabu je?

Virudisheni kabla ya kuchukua barua ya uhamisho. Mkiondoka kwa dharura, mpeni ndugu au jirani avilete; haulizwi mlienda wapi. Watoto wa familia za wakimbizi huhama ghafla kuliko wengine, nasi hatumnyimi mtoto kitabu kwa hofu kwamba huenda akahama.

Darasa la saba wanamaliza. Mwisho wa kurudisha ni lini?

Wiki moja kabla ya PLE kuanza, kisha wanaendelea kusomea mezani mpaka siku ya mwisho.

Kuna mgonjwa wa kuambukiza nyumbani. Turudishe kitabu?

Ngojeni apone, na mtupigie simu tuongeze tarehe. Usikimwagie dawa ya kuua vijidudu, itaharibu karatasi. Kikishaletwa tutakitenga kwa siku kadhaa kabla ya kukitoa tena.

Mtoto wangu haoni vizuri. Maktaba ina la kumsaidia?

Tuna vitabu vichache vya maandishi makubwa, kioo cha kukuzia, na meza karibu na dirisha. Viranja humsomea kwa sauti. Lakini mtoto anayesogeza kitabu puani kwanza apelekwe kupimwa macho. Wengine tumewadhania wavivu wa kusoma kumbe wanahitaji miwani.

Ninataka kutoa vitabu kwa maktaba. Mnapokea vyote?

Tunapokea vilivyo safi, vinavyosomeka, na vinavyowafaa watoto wa umri huu. Vitabu vya sheria na majalada ya hesabu za kampuni hutujazia rafu bure. Hadithi za Kiswahili, Kisamia, Ateso, Lusoga na Luganda tunazipokea kwa mikono miwili.

Nimekuta kitabu chenye muhuri wenu kikiuzwa sokoni. Nikinunue?

Usikinunue. Mwambie muuzaji kwa upole kwamba ni cha shule, kisha utujulishe yuko upande gani wa soko. Mara nyingi naye alikipata ndani ya gunia la karatasi za kufungia bidhaa, hana kosa.

Nina kitabu chenu tangu nilipokuwa mwanafunzi. Sasa nina watoto. Nitaonekanaje nikikileta?

Utaonekana mtu aliyekileta. Hakuna faini, kama tulivyosema hapo juu, na hakuna atakayekuhoji. Ukikuta maktaba imefungwa, mwachie mlinzi getini kikiwa ndani ya mfuko, na karatasi yenye jina lako na darasa ulilokuwa, ili tukifute kwenye daftari la vilivyopotea na kukipangia rafu.